Taarifa Si Ombi: Vijana wa Mpakani na Mkutano wa Hadhara wa Amani

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwenye meza ya Polisi Jamii katika vituo vya mpakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Mutukula, lipo moja ambalo halichoki kurudi: "Afande, kibali cha mkutano kinatolewa wapi?" Huuliza kijana mwenye karatasi mkononi, aghalabu akiwa amesindikizwa na wenzake wawili watatu wanaobaki nje ya lango. Jibu sahihi ni fupi, nalo huwashangaza wengi: kibali hakipo. Katika sheria ya Uganda anayeandaa mkutano wa hadhara haombi ruhusa ya kukutana. Anatoa taarifa.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ya wanasheria peke yao. Anayeomba anaweza kunyimwa, na hadi ajibiwe hana kitu. Anayetoa taarifa tayari anayo haki yake, ila anamjulisha mwingine ili wajipange. Mwenye harusi huenda kwa jirani na kumwambia kwamba Jumamosi magari yatakuwa mengi, turubai litafika mpakani mwa ua, na ngoma italia hadi jioni. Hamwombi jirani ruhusa ya kumwoza binti yake. Jirani naye, akiwa muungwana, huondoa ng'ombe wake njiani, au husema mapema kwamba siku hiyo ana msiba ili watafute namna. Hivyo ndivyo ilivyo kati ya mwandaaji wa mkutano na polisi.

Msingi wa haya ni Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 29(1)(d), inayompa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana pamoja na wengine kwa amani na bila silaha, na uhuru wa kupeleka madai yake kwa wenye mamlaka. Msomaji ayashike vizuri maneno "kila mtu", "kwa amani" na "bila silaha", kwani sehemu kubwa ya makala haya ni ufafanuzi wake.

Kwa nini basi neno kibali limeganda midomoni mwa watu, na wakati mwingine midomoni mwa askari wenyewe? Sababu yake ni ya kihistoria. Tangu mwaka 1986 hadi 2005 Uganda iliongozwa kwa mfumo wa Movement, na ibara ya 269 ya Katiba ilivizuia vyama vya siasa kufanya mikutano ya hadhara. Kura ya maoni ya tarehe 28 Julai 2005 ndiyo iliyorudisha vyama vingi. Mtu aliyeingia kazini kabla ya hapo, awe askari au mwenyekiti wa LC I, alijifunza kwamba mkutano wa chama ni kitu cha kukatazwa kwanza na kuelezwa baadaye. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 ni mtu mzima sasa, na yule aliyemfundisha woga wa mikutano ni baba yake.

Majirani zetu wana historia zao zinazofanana na hiyo. Nchini Kenya, hadi mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni kutoka kwa utawala. Sheria ikabadilishwa mwaka huo, na leseni ikawa taarifa. Nchini Tanzania mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu mwaka 2016, na zuio hilo likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Hapa kwetu mahakama ndizo zilizosukuma mlango. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba, katika shauri la Muwanga Kivumbi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichompa mkuu wa polisi uwezo wa kupiga marufuku mkusanyiko kwa hofu tu kwamba utavunja amani. Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya mwaka 2013. Mwezi Machi 2020 mahakama hiyohiyo ikabatilisha kifungu cha 8 cha sheria hiyo, ambacho kilikuwa kimerudisha uwezo uleule kwa mlango wa nyuma. Askari anayesema "mkutano huu nimeuzuia kwa sababu sipendi utakavyokuwa" anasema jambo ambalo mahakama imelikataa mara mbili. Tumeona ni heri liandikwe katika jarida letu wenyewe kuliko raia alisome kwingine.

Taarifa yenyewe hutolewaje? Mwandaaji huiandika, huitia saini na kuipeleka kwa polisi, kwa kawaida katika ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Wilaya. Ifike si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na tano kabla ya mkutano. Itaje jina na anwani ya mwandaaji, mahali, tarehe, saa, madhumuni na makadirio ya idadi ya watu, pamoja na idhini ya mwenye uwanja. Hili la uwanja ndilo linalowaangusha vijana wengi. Wanaandika "uwanja wa shule" bila kuzungumza na mwalimu mkuu, au "uwanja wa soko" hali siku hiyo ni siku ya gulio. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa mapokezi, wenye tarehe na saa, kisha urudi nayo nyumbani. Nakala hiyo ina thamani kuliko maneno mazuri ya mtu yeyote aliyekuwa kaunta siku hiyo.

Polisi wakiona kwamba mkutano hauwezekani mahali pale au saa ile, wana saa 48 za kusema hivyo kwa maandishi. Sababu za kusema hivyo si nyingi: kuna mwingine aliyetangulia kutoa taarifa ya uwanja huohuo kwa saa hiyohiyo, au mahali hapafai kwa wingi wa watu na magari. Katika hali hizo wajibu wetu ni kumwita mwandaaji tutafute pamoja mahali au siku nyingine. Asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani. Mikutano hufanyika kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni, na wakati wa kampeni za uchaguzi Tume ya Uchaguzi huwa na ratiba yake, ambayo hufunga mapema zaidi.

Si kila kundi la watu ni mkutano wa hadhara. Ibada, mazishi, harusi, ngoma za jadi, mafunzo, biashara na mkutano wa ndani wa chama kwa mujibu wa katiba yake havihitaji taarifa hii. Sheria inatambua hata mkusanyiko wa ghafla, usiopangwa na mtu: watu wametoka kusikia habari fulani, wamejikuta wamesimama pamoja njia panda. Kutokuwapo kwa barua hakuufanyi mkusanyiko wa namna hiyo kuwa kosa.

Tugeukie sasa siku yenyewe. Kijana anayekwenda kusikiliza wagombea, au kupinga kodi, au kudai daraja lililoahidiwa, aende na kitambulisho chake na simu yenye chaji, na amwambie mtu wa nyumbani anakokwenda na saa anayotarajia kurudi. Panga aliache nyumbani, hata kama alikuwa anatoka shambani. Wengi hawafikirii hili. Katika vijiji vyetu panga ni kifaa cha kazi, lakini mtu mwenye panga katikati ya umati hakuna awezaye kusoma moyo wake. Vilevile fimbo, manati na chupa za glasi. Mwandaaji, kwa upande wake, anatakiwa kuwa na waelekezaji wa kutosha kulingana na wingi wa watu, wenye vitambulisho vinavyoonekana, na yeye mwenyewe awepo tangu mwanzo hadi watu watawanyike. Mkutano ambao mwandaaji wake ameondoka na gari la mgeni rasmi, akaacha umati uwanjani jua likizama, ni mkutano unaotafuta matatizo.

Nasi tunatakiwa nini? Kupanga njia za magari, kuwalinda waliokuja mkutanoni na wale wasiokuja, na kuwazuia wanaotaka kuuvuruga. Hilo la mwisho husahaulika. Kundi pinzani likija kuwarushia mawe wasikilizaji, wenye kuondolewa uwanjani ni warusha mawe. Kijana mmoja akitupa jiwe, amekosa yeye, wala amani ya wengine mia tano waliokaa kimya haikufutwa na mkono wake. Kumtoa mtu huyo bila kuutawanya umati ni kazi ngumu, inayohitaji askari waliofunzwa na viongozi wasio na pupa, na haifanyiki vizuri kila siku. Ikifanyika vibaya, matokeo yake ni makaburi. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi kukamatwa akiwa kampeni, ghasia zilizuka Kampala na miji mingine. Rais mwenyewe alitaja baadaye kwamba waliokufa ni watu 54. Baadhi yao walikuwa wapita njia. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda mkutanoni hadi leo anazikumbuka siku zile mbili, na hatuwezi kumwambia kwamba hofu yake ni ya bure.

Sisi tunaoishi mpakani tuna jambo letu la ziada. Wasamia wako pande zote mbili za Busia, Wateso pande zote mbili za Malaba, na Wakonjo wa Mpondwe wana ndugu zao Wanande wa Kasindi. Shangazi anapiga kura upande mmoja, mpwa upande wa pili, na vipaza sauti vya mkutano havijui mpaka uko wapi. Je, kijana wa Uganda aliyevuka kununua bidhaa anaweza kusimama na kusikiliza mkutano wa Kenya? Katiba ya Kenya, ibara ya 37, nayo inasema "kila mtu". Kusikiliza si kosa. Lakini kupiga kura, kugombea, au kujiandikisha kuwa mwanachama wa chama ni mambo ya raia, na Katiba ya Uganda inapozungumzia kushiriki katika uendeshaji wa serikali, ibara ya 38, neno linabadilika kutoka "kila mtu" kuwa "kila raia". Kwa maoni yetu, mgeni katika mkutano wa jirani abaki msikilizaji, kama vile mtu asemavyo machache katika kikao cha ukoo wa mkewe.

Yapo mambo mabaya zaidi ya kusikiliza. Wako watu wanaokodi vijana upande mmoja, wakawavusha kwa njia za panya, wakawavisha fulana na kuwamwaga katika mkutano wa upande wa pili ili umati uonekane mkubwa, au ili wapige kelele mkutano uvunjike. Kijana hupewa nauli na chakula. Likitokea la kutokea, aliyemkodi haonekani, naye amebaki nchi ya watu bila hati ya kuvukia. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, wakipita kwenye kituo cha mpakani. Atakaye kuvuka avuke hapo.

Taratibu za taarifa nazo zinatofautiana. Kenya ni siku tatu hadi kumi na nne, kwa mkuu wa kituo cha polisi, na mikutano hufanyika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tanzania ni saa 48 kabla, kwa mkuu wa polisi wa eneo. Nchini Kongo, Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 26, inawataka waandaaji wa maandamano barabarani waijulishe kwa maandishi mamlaka ya utawala, wala si polisi. Na kwa wakazi wa Mpondwe, pamoja na wa Katuna wanaopakana na Rwanda, msisahau saa. Saa ya upande wa pili iko nyuma ya yetu kwa saa moja, hivyo tangazo lisemalo "saa nane" lapasa liseme ni saa nane ya wapi.

Umri je? Haki ya kupiga kura inaanza miaka 18 katika nchi zote tulizozitaja. Haki ya kusikilizwa haingojei siku hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda imeuridhia, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, ibara ya 12, na haki ya kukusanyika kwa amani, ibara ya 15. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita anayeuliza kwa nini zahanati ya kijiji haina dawa hajakosea adabu wala sheria. Ila kuwatoa wanafunzi darasani wakajaze uwanja wa mwanasiasa si kuwapa sauti, ni kuwatumia, na walimu wasikubali.

Kuhudhuria mkutano ni mwanzo tu wa kusema. Vijana wa miaka 18 hadi 30 wana Mabaraza ya Vijana yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, kuanzia kijijini hadi taifani. Katika kila baraza la wilaya na la tarafa ndogo kuna madiwani wawili wa vijana, mmoja wao mwanamke, na Bungeni wako wawakilishi watano wa vijana. Kwa hakika vijana wengi hawamjui diwani wao wa vijana kwa jina. Hapo pana kazi ya kuanza nayo kabla ya bango la kwanza halijaandikwa: mtafuteni, mwulizeni alisema nini katika kikao kilichopita. Madai yanayotaja barabara ipi, tangu lini, na nani aliahidi, humbana kiongozi kuliko madai yasemayo "tumechoka". Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya, wakipinga Muswada wa Fedha, waliusoma kifungu kwa kifungu na kueleza bei ya mkate na ya mafuta ya kupikia itakavyopanda. Rais William Ruto alitangaza kutoutia saini tarehe 26 Juni. Siku moja kabla ya hapo watu waliuawa kwa risasi jijini Nairobi, na Bunge lilivamiwa. Watu wa Busia na Malaba waliyafuatilia yote hayo kwenye simu zao, na kila mmoja akachukua funzo lake.

Lugha nayo ina mipaka yake. Kumkosoa waziri, mbunge, Rais au polisi si kosa. Kuwachochea watu wamdhuru mtu, au kulitukana kabila na dini ili lichukiwe, ni kosa, hata likisemwa kwa wimbo. Mpakani hili lina uzito wake, kwa maana neno "wageni" likirushwa jukwaani asubuhi, jioni yuko mtu ambaye duka lake limevunjwa kwa sababu jina lake linafanana na majina ya upande wa pili.

Na tukiwa tunasema lugha, Kiswahili chenyewe kina deni. Kwa miongo mingi Waganda wengi walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki: lugha ya amri, ya "lala chini" na "toa kitambulisho". Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sheria haibadilishi masikio ya watu kwa siku moja. Askari anayemwambia kijana "naomba usogee kidogo, gari la wagonjwa lipite" anafanya kazi kubwa kuliko anavyojua.

Mwisho, mtu akikamatwa mkutanoni. Anapaswa kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa. Ndugu zake wajulishwe akiomba, apate wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kwisha tangu akamatwe, kama hajaachiwa. Hahesabiwi kuwa na hatia mpaka mahakama iseme hivyo. Asipigwe wala kuteswa, hata akiwa kweli ametupa jiwe. Dhamana ya polisi ni bure, na yeyote anayedai pesa ili kuitoa anatenda kosa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamfanya mtumishi wa umma aliyevunja haki za mtu awajibike yeye binafsi, wala hasalimiki kwa kusema alitumwa. Tunawasomea askari wetu kifungu hiki kama tunavyowasomea wananchi.

Malalamiko hupokelewa kwa mkuu wa kituo, kwa Kamanda wa Polisi wa Wilaya, au, kwa asiyetaka kurudi polisi, katika Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo inaweza kuamuru fidia. Mlalamikaji aandike tarehe, saa, mahali, namba ya gari, na namba ya askari ikiwa aliiona, na majina ya walioshuhudia. Aende hospitali siku hiyohiyo kama aliumia, na aitunze karatasi ya daktari. Jambo likitokea usiku au njiani, namba 999 na 112 hazitozwi. Mpigaji aliye karibu sana na mpaka atazame kwanza simu yake imeshika mtandao wa nchi gani, asije akajibiwa na polisi wa ng'ambo.